Kusini mwa Ulaya: sardini, mafuta ya zeituni na sisi watu wa Kigoma

Watu wakisikia umetoka Ulaya swali la kwanza ni ulifika London, ulifika Paris, baridi ilikuwaje. Mi sikufika huko kote na wala sijutii, nimezunguka Ureno, Uhispania na Italia ya chini mpaka Sicily, na hii naiandika kwa ajili ya watu wa kwetu Kigoma hasa, maana nimerudi na jambo moja ambalo nimeshamwambia kila niliyekutana naye Mwanga na Ujiji na bado sijachoka kulisema. Wale watu wanaishi kwa vitu vilevile tunavyoishi navyo sisi, samaki mdogo na mafuta ya mti, ila wao cha kwao wanakithamini mpaka dunia nzima inakifuata hukohuko.

Nilianzia Lisbon, Ureno, kwa sababu kuna ndugu yangu anafanya kazi pale ndo aliyenialika. Mji wa vilima, ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka, mtu aliyekulia Bangwe kwetu Kigoma hawezi kushangaa. Kuna zile tramu za njano za zamani, namba 28 ndo kila mgeni anaitaka kwa hiyo inajaa kupita kiasi, we panda asubuhi mapema au tembea tu kwa miguu, utaona zaidi. Katikati ya mji mitaa imenyooka kabisa na nilijiuliza kwa nini, kumbe tarehe 1 Novemba 1755 lilipiga tetemeko, bahari ikapanda, moto ukafuata, mji ukaisha, wakaujenga upya kwa ramani. Kule Alfama ndo utaona ule mji wa zamani, vichochoro vimejikunja, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu na kina mama wanaongea dirisha kwa dirisha.

Sasa sardini. Ukienda usile hotelini, tafuta vile vijimgahawa wanavyochomea nje. Samaki anawekwa mzima, hatumbuliwi, anamwagiwa chumvi ya mawe na kulazwa juu ya mkaa, mafuta yake yanadondoka na moto unapanda kidogo, anageuzwa mara moja tu basi. Unaletewa amelala juu ya kipande cha mkate, unambandua kwa vidole, mgongo unatoka mzima ukimpatia, na muda wote huo ule mkate wa chini unanyonya mafuta. Mkate unakula mwisho. Hapo ndo utamu wote ulipo, na ndugu yangu alinizuia nisiuguse mpaka samaki aishe. Msimu wenyewe ni kuanzia mwezi wa sita, ndo wanakuwa na sherehe za mtakatifu wao Antonio na mji mzima unafuka moshi wa samaki, mi nilienda mwezi wa kumi nikawakuta bado wamenona.

Kitu ambacho watu wengi wa kwetu hawajui ni kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa hao sardini. Asili yao ni baharini, mababu zao waliingia kwenye mito huko zamani sana mpaka wakaishia ziwani kwetu. Dagaa wa Ziwa Victoria ni ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo mtu wa mwalo wetu wa Kibirizi akikaa Lisbon akala sardini anakula ndugu wa dagaa wake, nami nilipolijua hili nilifurahi sana, nilimpigia simu kaka yangu usiku uleule kumwambia.

Na kuna maduka yanauza sardini za kopo tu, hakuna kingine, makopo yamepangwa kutoka sakafuni mpaka darini yana michoro na rangi utadhani zawadi za harusi, na kuna mengine yameandikwa mwaka. Watalii wanapanga foleni. Samaki ni yuleyule wa kawaida ambaye mvuvi wa pale amemla tangu utotoni. Mi nilisimama mle ndani nikawaza gunia la dagaa wetu linavyofungwa na kutupwa juu ya lori, halina hata jina la mwalo lilikotoka.

Halafu nao walifika mahali sardini zikapungua kweli. Ureno na Uhispania ikabidi waweke kiwango cha kuvua na miezi ya kuwaacha samaki wazaliane, wavuvi walilalamika sana, lakini samaki walirudi. Sisi 2024 ziwa lilifungwa watu wasivue kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, na aliyekuwa Kibirizi au Katonga anajua maisha yalivyokuwa, boti zimelala mchangani, vijana wanacheza bao mchana kutwa. Sisemi ilikuwa rahisi. Ila nimeshaona kwa wenzetu faida yake, na kwenye hili niko upande wa kufunga, mradi mvuvi naye awekewe kitu cha kumshikilia hiyo miezi.

Kutoka Lisbon kwenda Sevilla, Uhispania, hakuna treni ya moja kwa moja, unapanda basi, na mi nashukuru ilikuwa hivyo kwa sababu njiani kuna jimbo la Alentejo ambako utaona miti mifupi minene, shina jekundu chini na kijivu juu, imepigwa namba moja kubwa kwa rangi nyeupe. Hiyo ndo miti wanayotoa magome ya kutengenezea vizibo vya chupa, na Ureno ndo inaongoza duniani. Wanabandua gome bila kuua mti, mti unaota gome jingine, wanakuja kubandua tena baada ya miaka 9, na ile namba ni mwaka waliobandua mara ya mwisho, ukiona 4 ni 2024. Hapo nikawakumbuka wenzetu wa Tabora. Ukipita na treni Kaliua na Urambo ile miombo yote ni nchi ya asali, na mizinga ya magome imetumika miaka na miaka, ila mti wa miombo ukivuliwa gome zima unakufa, ndo maana siku hizi wanahimizwa mizinga ya mbao. Ingekuwa miombo yetu inarudisha gome kama ile ya Alentejo sijui tungekuwa wapi.

Sevilla nitapita haraka, mji mzuri, mitaani imepandwa michungwa kila mahali lakini usichume, ni machungu, ya kutengenezea jemu. Kuna mnara wa Giralda ambao ulikuwa mnara wa msikiti kabla ya kugeuzwa wa kanisa, ndani hauna ngazi bali njia ya mteremko inayozunguka mpaka juu, wanasema ili muadhini aweze kupanda na farasi.

Córdoba ndo nataka nikae kidogo. Msikiti wake ulianza kujengwa karibu mwaka 785, ukaongezwa na kuongezwa, umebaki na nguzo 856, na juu ya nguzo matao mekundu na meupe, unatembea humo ndani na kila ukigeuka safu nyingine inafunguka mbele yako. Leo ni kanisa kuu, katikati waliingiza kanisa zima karne ya 16, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Mi ni mtoto wa Ujiji, nimesoma madrasa pale, nilisimama mbele ya mihrabu yenye maandishi ya dhahabu, nikayasoma kimoyomoyo nikaondoka. Ilinigusa kuliko kitu chochote cha safari hii. Nilikuja kuswali Granada, kule kwenye mtaa wa Albaicín kuna msikiti ulifunguliwa 2003, bustani yake inatazama Alhambra, kasri la wafalme wa Kiislamu wa zamani, upande wa pili wa bonde, na nyuma ya Alhambra ni mlima wa Sierra Nevada wenye zaidi ya mita 3,400. Tiketi ya Alhambra kata mapema sana mtandaoni na uende na pasipoti, maana wanaikagua, na usipite haraka kwenye ile mifereji ya maji, ilijengwa maji yaende kwa mteremko tu tangu enzi za wafalme hao, waliousalimisha mji kwa Wakristo 1492.

Wanaouliza kuhusu chakula kwa asiyekula nguruwe, Uhispania uwe makini, mapaja yananing'inia kila duka na wanaweza kukuwekea vipande hata kwenye mboga. Ukisema "sin cerdo" wanakuelewa. Samaki, mayai na nyanya zipo kila mahali.

Sasa twende Jaén, ambako wenyeji wenyewe walinishangaa nafuata nini. Zaidi ya mizeituni milioni 60 katika mkoa mmoja! Basi linapanda kilima, unaona mizeituni, linashuka, mizeituni, mpaka upeo wa macho milima yote ina nukta za kijani kwenye udongo mweupe. Wanatandika nyavu chini, wanatikisa matawi kwa mashine au kupiga kwa fimbo ndefu, na zile za mwezi wa kumi zikiwa bado kijani ndo zinatoa mafuta machache lakini ya bei. Kinuni nilionyeshwa kila hatua, zinaoshwa, zinasagwa na kokwa zake, rojo linakorogwa taratibu bila kuzidisha nyuzi joto 27, halafu mashine inazungusha kutenganisha mafuta na maji. Zikichumwa tu zinatakiwa zifike kinuni harakaharaka, zikilala kwenye gunia zinaanza kuchacha na mafuta yanashuka daraja. Yale ya daraja la juu asidi yake haitakiwi kuzidi asilimia 0.8. Asubuhi unakula mkate umekaushwa, umepakwa nyanya, umemwagiwa hayo mafuta ya kijani, chumvi kidogo, basi, na mtu anaenda shambani ameshiba.

Nilinunua chupa moja nikampelekea shangazi yangu Mwandiga, yeye ni mkamuaji wa mawese toka niko mdogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, haya umetuletea nini toka kwa Wazungu?"

Akamimina kidogo kiganjani, akanusa kwanza, akalamba, akakohoa. "Mbona yanawasha kooni?"

Nikamwambia ndo dalili kwamba ni mapya na mazuri, kule wanayasifia kwa huo muwasho. Akalamba tena. Akauliza wanachemsha saa ngapi, nikamwambia hawachemshi, akanyamaza kidogo akauliza na makapi yake wanapeleka wapi, nikamwambia kokwa na makapi yaliyokauka wanachomea tanuri za kinu, akasema kumbe kama sisi tu. Kisha akaishika ile chupa akanitaka nimsomee lebo yote. Nikamsomea: aina ya mzeituni picual, zimevunwa mwezi wa kumi, zimekamuliwa kijiji fulani. Akasema "mawese yangu mie watu wanayajua kwa sura yangu tu, nisipokwenda sokoni hayana jina."

Hilo ndo linaniuma. Ngazi za shangazi, yaani mikungu ya chikichi, zinachambuliwa vizuri, hachanganyi na za jana, mtu akila maharage aliyoyaunga kwa mawese yake anajua tofauti, halafu yanaenda barabarani kwenye chupa za maji zilizotumika. Pale kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanazalisha miche ya michikichi aina ya tenera yenye mafuta mengi kuliko ile dura ya zamani, sawa, vizuri sana, miche ipandwe, lakini mi nataka pia nione chupa imeandikwa mawese ya Kigoma, kijiji gani, yamekamuliwa mwezi gani. Na mtalii anayekuja Gombe kutazama sokwe apelekwe kwenye kinu cha mawese akae na kina mama, ale ugali na migebuka, samaki wa ziwani kwetu, wa kuchoma, maana mimi nimelipa nauli yangu kwenda kutazama kinu cha mafuta Jaén na sikuona hasara.

Italia kwa ufupi. Napoli ina kelele, ina uchafu mitaa mingine, ina roho. Pizza ya nyanya, jibini na rihani inatosha, haihitaji kingine. Mlima Vesuvius upo unaangalia mji, ndo ule uliofunika mji wa Pompeii mwaka 79, na treni ndogo inakufikisha pale.

Kutoka Napoli panda treni ya kwenda Sicily hata kama ndege ni rahisi. Ukifika Villa San Giovanni treni inakatwa vipande na kusukumwa ndani ya meli, mabehewa yanasimama sambamba kwenye reli zilizo ndani ya meli, unashuka unapanda juu kupata upepo na kunywa kahawa, ng'ambo inaungwa tena safari inaendelea. Mpango wa daraja pale umezungumzwa miaka na miaka kwa hiyo wahi. Sisi reli ilifika Kigoma 1914, na meli yetu ya Liemba ilikuja vipandevipande kwenye masanduku kutoka Ujerumani ikaunganishwa pale Kigoma, kwa hiyo mimi mambo ya treni na meli nimekua nayo, na bado nilikaa dirishani mwanzo mwisho.

Palermo nenda soko la Ballarò. Utasikia wauza samaki wanavyoita wateja kwa kuimba, utakula panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa vinawekwa ndani ya mkate, bei ndogo na tumbo linajaa. Ukipata muda fika Trapani ule kuskusi ya supu ya samaki, Waarabu waliitawala Sicily muda mrefu na chakula chao kilibaki.

Kwa wanaojiandaa: viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na mambo yote utayafuata Dar kwa hiyo piga hesabu ya nauli hiyo pia. Mwezi wa saba na wa nane usiende, Andalusia, yaani kule Sevilla, Córdoba, Granada na Jaén, inapita nyuzi 40 na watu wamejaa. Mwezi wa tano sawa, ila kwa anayetaka kuona zeituni zikikamuliwa na sardini bado wana mafuta, ni mwezi wa kumi.