Toa tatu

Umeme ulikatika katikati ya mazoezi, Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, jioni ya mvua Januari 2009. Amplifaya zikanyamaza. Mzee aliyetufundisha akanipa gitaa lake la mbao, akashika chupa tupu ya Fanta na kijiko. « Mwana, anza. »

Nikaanza mtindo wa kwetu Katanga, ule ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi nao mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo: gumba kwenye besi, yaani nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba, basi. Nilijaza kila nusu pigo, noti 8 katika mapigo 4. Dada aliyeimba akawa anapiga kelele ili asikike.

« Uko unapiga mingi, » mzee akasema. « Toa tatu. »

Nikatoa noti tatu za mwisho. Wimbo ukakatika, kwa kuwa ndipo dada alipokuwa anavuta pumzi: sauti na gitaa vikanyamaza pamoja. Mzee akanirudisha. Noti za kutoa ni zile zilizo chini ya maneno. Anapopumua mwimbaji, hapo gitaa lijibu.

Kunyamaza kwenyewe kuna kazi. Ukiacha kupiga tu, uzi unaendelea kulia. Kwenye akordi ya Do (noti kadhaa zinazoshikwa pamoja), kidole cha pete kiko uzi wa tano, nafasi ya tatu ya shingo ya gitaa: kilegeze bila kukiondoa kwenye uzi. Nilikinyanyua kabisa, La ikaamka, sauti ya uzi huo usiposhikwa, noti isiyokuwa ya akordi ile, na besi ikachafuka. Uzi wa tatu na wa kwanza haushikwi na mkono wa kushoto, kwa hiyo unazimwa na ubavu wa kidole kilekile kinachopiga. Hilo lilinichukua karibu saa nzima.

Kisha nikawa narudi mapema kila mara, kabla chupa haijagonga. Mkono uliotulia hauna cha kupimia muda, unaharakisha. Mzee akaniambia gumba liendelee na besi kila pigo, shahada ndiyo ipumzike. Na hata ikipumzika iende chini na juu vilevile, isiguse uzi tu. Pale pale nikaanza kukutana na chupa. Na besi, ambayo nilikuwa naipiga miaka yote, nikaisikia.

Umeme uliporudi tuliwasha amplifaya moja, ya dada.