Siku moja ya fundi umeme: Mwanakwerekwe hadi Jambiani na kurudi

Saa kumi na moja alfajiri nipo macho. Swala, chai, mkate wa kumimina, mkoba wa vifaa juu ya Vespa, na saa moja na nusu nishafungua kibanda changu Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Pasi moja, feni moja, televisheni mbili. Kabla ya saa tatu zimekwisha.

Televisheni iliyofunguliwa siichomeki ukutani moja kwa moja. Mezani nina transfoma ya kutenganisha: zinaingia volti 230, zinatoka 230 zilezile, lakini koili mbili za ndani hazikuunganishwa kwa waya, kati yao ni sumaku tu. Nyutro ya mtaani, yaani waya wa kurudishia umeme, imefungwa ardhini, ndiyo maana ukigusa waya wa moto huku umesimama chini, umeme unapita mwilini mwako ukirudi ulikotoka. Upande wa pili wa transfoma yangu haukufungwa ardhini popote. Nikigusa waya mmoja kwa bahati mbaya, umeme hauna njia ya kurudi. Nikigusa zote mbili, wallahi nakufa kama mtu mwengine yeyote. Chombo hiki naamini kimeniokoa zaidi ya mara moja, ndiyo maana mambo ya mchana yaliniuma.

Saa tatu simu: bwana mmoja wa Jambiani, mwenye nyumba ya wageni. "Njoo unifungie kitu, fundi." Tunguu, Jozani pale unapopunguza mwendo kima punju wavuke, Paje. Nafika saa nne na nusu, mgongo hoi.

Barazani pana transfoma kama yangu, ila kubwa, uwezo wake kVA 3, imekuja na kontena la mitumba. Ndugu yake wa Maskati kamwambia akiifunga, hata mtoto akishika waya hapigwi. Basi anataka nyumba nzima ipite humo, ethi, yaani waya wa ardhini, iondoke, na ile RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, niing'oe, kwa sababu inakata kila usiku na wageni wanalalamika.

"Ami, hilo siwezi."

Tukaanza. Nikamwambia kVA 3 ni kama ampea 13 tu. Birika na hita ya maji vikiwaka pamoja imeshalemewa, na viyoyozi bado. Akasema watawasha kimoja kimoja. Akasema fundi mwengine ameshakubali. Akasema sisi tunapenda kuzidisha kazi ili tuzidishe bei. Ikaadhiniwa adhuhuri, tukaenda msikitini tumenuna wote wawili, tukarudi, tukaendelea palepale tulipoachia. Kuambiwa mwongo mbele ya wafanyakazi wake kulinichosha kuliko njia yote ile.

Mwisho nikaiwasha transfoma yake palepale barazani. Nikachukua balbu ya wati 60, mguu mmoja kwenye waya wa kutokea, mwengine kwenye ethi. Haikuwaka. Nikahamia waya wa pili. Haikuwaka. "Si unaona!" akasema, ameshafurahi.

Nikazima, nikaufunga waya mmoja wa transfoma kwenye ethi, kama vile umechubuka ndani ya friji na kugusa bati. Nikawasha. Hakuna breka iliyokata, hakuna sauti, hakuna dalili. Kisha nikashika balbu kwa waya wa pili na ethi. Ikawaka kama jua.

"Hiyo balbu ni mtoto wako," nikamwambia. "Na RCD ipo kule nyuma, haina habari. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ukipungua miliampea 30 inakata. Umeme ukivuja baada ya transfoma, haioni upungufu wowote." Chombo kimoja, transfoma moja, inafaa. Nyumba nzima, kosa la kwanza linajificha likisubiri la pili.

Akanyamaza. Nikaomba niitafute sababu ya RCD kukata.

Hapo saa sikuziangalia tena. Nikatenganisha waya mmoja mmoja na kuupima kwa mega, kipimo cha kuonyesha waya unaovuja, chumba kwa chumba, jua limesimama, mpaka nikafika waya wa pampu na mshale ukalala kwenye sifuri. Ulivutwa wakati wa lile giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, watu walipokuwa wakiunganisha jenereta mbiombio. Nikafukua mchanga kando ya kisima kwa vidole. Kiungo kilizongwa tepu tupu, imelainika inanata kama ulimbo. Ndani shaba imegeuka kijani, imeganda chumvi. Kila jioni pampu ikiwashwa, umeme ulikuwa unavujia pale, hatua mbili kutoka wanapochotea maji. RCD iliyotukanwa mwezi mzima ndiyo iliyokuwa macho.

Nikabadilisha waya wote. Jambiani ni maweni, na fimbo ya ethi ilikuwa imekatwa nusu kwa kushindwa na mwamba. Nikatafuta penye udongo nyuma ya migomba, nikaigongelea nyengine mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Akanilipa pungufu ya makubaliano, eti sikumfungia transfoma. Watu wanadhani sisi tunaunganisha waya tu. Leo nimekataa kuunganisha, na hiyo ndiyo kazi ngumu niliyoifanya.

Magharibi ilinikuta njiani. Saa nne usiku, nimejilaza, simu inaita.

"Fundi, haijakata mpaka sasa."

"Alhamdulillahi. Asubuhi ibonyeze kile kitufe chenye herufi T, ijikate, kisha uirudishe. Isipokata, nipigie."

"Kila siku?"

"Kila mwezi, ami."