Karafuu iliyochanua si mali tena

Shangazi alifika Ijumaa kwa boti ya asubuhi kutoka Pemba, na kama ilivyo ada yake hakuja mikono mitupu. Nilimwamkia, nikampokea kikapu, na kabla hajavua buibui macho yake yalikuwa yameshafika mezani kwangu. Lebo arubaini za mishumaa ya karafuu nilikuwa nimezitandaza pale zikauke. Kazi ya siku tatu. Akaokota moja, akaisogeza dirishani.

"Hii nini, mwanangu?"

"Karafuu, shangazi."

"Mbona imeshachanua? Karafuu ikichanua si mali tena. Nani atanunua?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomnong'oneza mtu njiani kuwa kanga yake ameivaa juu chini. Nami nilielewa palepale. Nilikuwa nimenakili picha ya kwenye simu: ua la mkarafuu lililofunguka, nyuzi zake nyembamba zimetawanyika kama miale. Linapendeza sana. Lakini kwa mtu aliyekulia mikarafuuni, ua lile ni hasara. Ni shada ambalo mchumaji hakuliwahi. Karafuu huchumwa kichwa kingali kimefumba, mwili wake ukianza kuingia wekundu, kisha huchambuliwa na kuanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa mpaka iwe kahawia na ivunjike kwa kucha. Karafuu tunayoijua sote jikoni ni ile iliyowahiwa. Mimi nikachora iliyochelewa, nikaibandika kwenye mshumaa na kuiita karafuu.

Chini ya kikapu, ndani ya jani la mgomba, alikuwa ameniletea vishada viwili vya karafuu mbichi. Hakujua kuwa nitavihitaji. Aliviweka kwa sababu anajua nazikumbuka. Baada ya chakula nilikaa navyo karibu na dirisha nikachora hadi adhana ya Alasiri.

Nataka niandike nilichokiona, maana miaka yote hii nimeitia karafuu kwenye pilau bila kuitazama. Mwili wake hauzidi sentimita mbili. Chini ni mwembamba, unanenepa kidogo ukipanda, na una pembe zisizoonekana mpaka uuzungushe kwenye mwanga. Juu kuna meno manne yaliyotanuka, na katikati ya meno hayo kuna kidonge cha mviringo. Kidonge hicho ndilo ua lenyewe, petali nne zimefunikana kama ngumi ya mtoto mchanga. Rangi si moja. Karibu na meno bado ni kijani cha embe changa, kiunoni ni njano iliyofifia, na upande uliopigwa na jua una wekundu kama shavu. Nilichanganya rangi mara tano kabla ya kuupata wekundu ule, nao ulipokauka kwenye karatasi ukapoa, ikabidi nirudie.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani nyuma yangu akichambua mchele. Akauliza, "Hayo mafuta mnayotia ni ya karafuu yenyewe au ya makonyo?"

"Ya makonyo. Kutoka kile kiwanda cha Wawi."

"Basi makonyo yako wapi hapo?"

Hayakuwapo. Makonyo ni vile vijiti vinavyoshika vishada, vinavyobaki baada ya karafuu kutenganishwa. Kila nyumba yenye mikarafuu Pemba ina jamvi la karafuu na jamvi la makonyo, na makonyo nayo hupimwa na kuuzwa. Mafuta tunayonunua hukamuliwa kwa mvuke kutoka humo. Kwa hiyo mshumaa wetu wa karafuu, kwa haki, ni mshumaa wa makonyo, na lebo yangu ilikuwa imemsahau aliyefanya kazi. Nilikaa kimya na jambo hilo kwa muda. Sisi tunaouza vitu vya kunukia tunauza kitu kisichoonekana. Mnunuzi anakutana na picha kabla ya pua yake kufika, na picha ikisema lisilo kweli, mshumaa wote umeanza na uongo.

Lebo zile arubaini nimezifunga kwa uzi, nimeziweka kabatini. Sitazitumia.

Mwenzangu ndiye anayeyeyusha nta na kumimina. Nta ya nyuki ya Tabora pamoja na mafuta ya nazi kidogo. Mimi kazi yangu ni nje ya mshumaa: lebo, boksi, kamba, maandishi. Tulipoanza nilitaka kuchora kila lebo kivyake, mstari kwa mstari. Kwa mishumaa kumi inawezekana. Ilipokuja oda ya harusi ya mishumaa sitini, usiku wa nne vidole vilikataa kunyooka. Tangu hapo pindo nalipiga mhuri na mji nauchora kwa mkono.

Nasema pindo na mji kwa sababu lebo zangu nazipanga kama kanga. Haikuwa hivyo mwanzoni. Nilihangaika sana na nafasi: chupa zetu zina kipenyo cha sentimita 7, kwa hiyo ukanda wa kuizunguka ni sentimita 22, na moja ya kupandanisha gundi, jumla 23. Kimo sentimita 6 tu. Kila nilichochora kilielea katikati ya utepe mrefu kama mtu aliyepotea uwanjani. Siku moja nikawa nakunja nguo, nikashika kanga ya mama, nikaona jibu nililokuwa najifunga kiunoni kila siku. Pindo linazunguka na kushika kila kitu. Mji uko katikati, una nafasi ya kupumua. Na chini ya mji kuna jina, maneno machache, herufi kubwa, hayahitaji maelezo. Hata alama ya mfanyabiashara ina mahali pake: tazama kanga za Mali ya Abdulla wa Mombasa, herufi K.H.E. zimechapwa kwenye nguo yenyewe, wala hazigombani na urembo. Wabunifu wa kanga walishalitatua tatizo langu zamani.

Kwa hiyo sasa pindo la mshumaa wa karafuu ni makonyo. Nimeyachonga kwenye soli ya kandambili kuukuu, matawi madogo yanayogawanyika mawili mawili, na yakipigwa mhuri mfululizo yanashikana mikono kuzunguka chupa nzima. Nilipima mara nyingi ili pale ncha mbili zinapokutana nyuma, tawi likutane na tawi. Ukigeuza chupa huoni kiungo. Kwenye mji kuna kishada kimoja, karafuu saba, zote zimefumba. Na jina nimeandika: HARUFU NJEMA HAIPIGI HODI.

Watu wa maduka wameniuliza mara nyingi kwa nini sichori milango. Milango ya Mji Mkongwe inauza, najua, na naipenda. Naweza kusimama mbele ya ubao wenye mayungiyungi na minyororo nikasahau nilikokuwa naenda. Lakini mlango haunukii. Ukiuchora kwenye mshumaa wa mchaichai na kwenye wa mdalasini na kwenye wa mlangilangi, basi umeandika tu "Zanzibar" mara tatu. Mlangilangi una petali ndefu zinazoning'inia na kujipinda kama nywele zilizoloa, unaanza kijani, na harufu yake haikamiliki mpaka uwe njano. Ukiuchora kijani umefanya kosa lilelile la karafuu yangu. Kila mmea una saa yake.

Gundi ndiyo iliyonitesa. Lebo za kwanza nilibandika kwa gundi ya dukani, ya chupa. Zilikaa vizuri mpaka tulipowasha mshumaa mmoja kwa saa nne tukiushika kila baada ya muda kuona joto la kioo. Saa ya tatu gundi ililegea, na lebo ikaanza kuteleza taratibu upande mmoja. Nikageukia uwanga, ule ule wanaotilia kofia zikakamae. Nilichemsha ukiwa mzito kama uji wa mgonjwa, nikapaka kwa brashi, ukashika. Joto haliushtui. Wiki mbili baadaye nikafungua boksi la akiba nikakuta mende wamekula pembe za lebo kumi na moja, mpaka kwenye wino. Niliketi chini nikalia, sioni haya kuliandika. Shangazi ndiye aliyenipa dawa kwa simu: tia matone ya mafuta ya karafuu kwenye uwanga ukiwa bado moto. Baadaye nikajua kwamba wajalidi wa vitabu nao walikuwa wakitia mafuta ya karafuu kwenye gundi yao ya unga, kuzuia ukungu na wadudu. Tangu siku hiyo sijapoteza lebo hata moja kwa mende. Na ukinusa nyuma ya lebo, hata ya mshumaa wa mchaichai, kuna karafuu kwa mbali.

Masika nayo ilinifundisha lake. Rangi za maji zilichuruzika kwa unyevu wa vidole tu. Sasa mistari naichora kwa wino usioyeyuka, na lebo ikishakauka naisugua kwa kipande cha nta, kisha naipitisha juu ya mvuke wa birika ili nta iingie. Karatasi inakuwa na mng'ao hafifu, kama ngozi iliyopakwa mafuta baada ya kuoga.

Maboksi sina mengi ya kusema. Karatasi ngumu ya kahawia, kiolezo kimoja nilichokata kwenye kadibodi, mikunjo minne, hakuna gundi. Kuna aliyetushauri tuyavishe nailoni yang'ae. Zanzibar tulishaiaga mifuko ya plastiki tangu 2006, Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019, na mimi sitairudisha kupitia mlango wa mshumaa. Ninachofunga nacho ni ukili. Mama mmoja jirani yetu anasuka ukili wa ukindu mwembamba, upana wa kidole kidogo, anauza kwa pima. Kwa karafuu anauchovya rangi nyekundu iliyoiva. Lebo ya boksi na ya chupa huwa za mchoro mmoja, kama doti, na ninapenda mtu anapofungua boksi akakuta ile ya pili inamsubiri ndani.

Maandishi ya usalama yako chini ya chupa: kata utambi ubaki milimita 5, usiwashe zaidi ya saa 4 mfululizo, usiuache peke yake, weka mbali na watoto na mapazia. Zamani niliyaandika madogo na ya mapambo. Bibi mmoja mnunuzi aliniambia anaona mdudu tu. Sasa ni makubwa na manyoofu, hayana urembo wowote, na nimeridhika nayo kuliko mengi niliyoyapamba.

Jana nilianza lebo ya asumini. Mara hii sikugusa simu. Nilikwenda sokoni alasiri nikanunua zilizochumwa siku hiyohiyo, vitumba vimefumba, vyeupe na virefu kama punje za mchele mkubwa. Nilimwonyesha shangazi nikamwuliza: hizi nizichore hivi?

Akacheka. "Asumini ni ya usiku. Hii ndiyo ya kuisubiri ichanue."

Baada ya sala ya Magharibi niliziweka kwenye kisahani chenye maji kidogo, nikapunguza taa, nikakaa. Mwanzo hakikutokea kitu. Halafu nikaona kitumba kimoja kimelegea kwenye ncha, kama mtu anayetaka kusema neno akasita. Ukikikodolea macho hakisogei. Ukiinama kuchonga penseli, ukirudi kimesogea. Saa mbili na nusu kilikuwa wazi, na vingine vikaanza kukifuata.

Tatizo likawa ule weupe wa ua. Nilipaka rangi nyeupe juu ya karatasi ya kahawia, ua likawa zito kama chokaa. Nikajaribu kulizungushia mstari mweusi, likawa katuni. Karatasi sita zikaenda hivyo. Ya saba nilichukua karatasi nyeupe, nikaacha ua bila kuligusa kabisa, nikapaka usiku unaolizunguka: buluu, juu yake kijani cha jani, juu yake wino uliotiwa maji, tabaka kwa tabaka, kwa brashi ndogo nikipita kando ya kila petali bila kuingia ndani. Mkono ulitetemeka kwenye ncha. Nilipoinua kichwa, ua lilikuwa pale, nami sikuwa nimelichora. Jina lake bado sijalipata, na pindo nafikiria liwe ule uzi wanaotungia vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia.

Nyumba ilikuwa imeshalala. Nilikuwa naosha brashi niliposikia sauti ya shangazi kutoka chumba cha pili, nzito kwa usingizi.

"Umewasha mshumaa huko, mwanangu?"

"La, shangazi. Ni asumini zenyewe, zimefunguka."