Tulipoagwa Tukabaki

Kanisa lilituaga Desemba 1997, lakini Tanga tuliiacha mwaka uliofuata, Idi ikiwa imeshapita. Siku za katikati hapo ndizo zilizokaa moyoni mwangu kuliko safari yenyewe. Nimekuwa nikiahidi kuziandika, na sasa naziandika mama angali hai wa kunisahihisha.

Baba alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mzaliwa wa Mlalo huko milimani Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya kuanza kazi Tanga mjini, na habari zao baba alizipata kwa babu yake. Alipenda kusema, "Sisi tuliletewa. Zamu yetu kupeleka itafika." Ilipofika barua ya kumwomba aende Kasulu, mkoani Kigoma, hakuomba muda wa kufikiri. Vita vya Kongo vilikuwa vimelipuka mwishoni mwa 1996, watu wakavuka Ziwa Tanganyika kwa boti na mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yao. Walikuja na imani yao, na kwaya zao. Baba alitakiwa akakae karibu nao, afundishe, abatize, azike.

Mama hakuulizwa. Nasema hivi bila kumlaumu baba, maana siku zile mke wa mchungaji alihesabiwa ameitwa pale mumewe alipoitwa. Aliisoma barua amesimama mlangoni, akaikunja, akauliza neno moja tu: "Huko kuna baridi?" Baba akakiri kwamba ipo. Wiki ileile mama akaenda Ngamiani kwenye mitumba, na sisi watoto wa Makorora tuliozoea kulala dirisha wazi tukajaribishwa masweta ya sufu saa saba mchana, jasho likitutiririka mgongoni.

Vitu vya nyumbani vilipungua haraka. Kabati likauzwa, meza ya chakula akapewa mwinjilisti, vyombo vikagawanywa. Kilichosumbua ni cherehani. Ilikuwa ya miguu, ile ya chuma nzito, na mama alikuwa ameshonea nayo sare za shule za nusu ya mtaa. Kuisafirisha nzima hadi Kigoma gharama yake ilitushinda. Nakumbuka alivyoifungua jioni moja: akachomoa sindano, akatoa bobini, akapitisha kitambaa chenye mafuta kila mahali chuma kinapokutana na chuma, akalegeza skrubu za chini, kisha akakinyanyua kichwa cha cherehani kwa mikono miwili na kukilaza juu ya kanga mbili alizozitandika sakafuni. Akakifunga, akaongeza kanga ya tatu. Ile meza na miguu yake akampa binti wa bibi jirani, ng'ambo ya barabara. Fundi seremala wa Kasulu, alisema, atatengeneza kibao, na kichwa kitatiwa gurudumu la mkono.

Jumapili ya kuagwa kanisa lilijaa hadi nje. Tuliitwa mbele wote, hata mdogo wetu aliyekuwa bado anabebwa, tukapiga magoti, wazee wakatuwekea mikono. Baada ya ibada ukafuata mnada. Watu walikuwa wameleta machungwa ya Muheza, nazi, mihogo, kuku. Mzee mmoja alinunua jogoo, akalipa, akatangaza, "Namrudisha kwa mchungaji!" Mnadishaji akamnadi upya, na aliyemnunua mara ya pili naye akamrudisha. Jogoo yule alilipa sehemu kubwa ya nauli yetu. Baiskeli ya baba nayo ikanadiwa, na hapo nilimwona baba akitazama pembeni, kwa sababu kwa mtu wa Tanga baiskeli ni miguu yake.

Kisha mvua. Ilikuwa El Nino, na waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Madaraja yalikwenda na maji, barabara zikakatika, reli ya kati nayo ikakatika, na tulitegemea kupandia garimoshi Morogoro. Kila asubuhi baba aliweka redio sikioni, kila asubuhi habari ileile. Mizigo ilikuwa imepangwa ukumbini, imefungwa kamba, imeandikwa KASULU kwa rangi nyeusi. Tulipokutana na washarika sokoni walishtuka: "Nyie bado mpo?" Watu waliolia wakituaga hawakujua tena watusalimie vipi.

Mchungaji mpya akafika na familia yake, na nyumba ya kanisa ilikuwa yao kwa haki. Walitukaribisha tubanane. Usiku wa pili bibi jirani alivuka barabara, mwavuli mkononi, ushungi umelowa.

"Shikamoo bibi," tukamwamkia.

"Marahaba wajukuu zangu." Akamgeukia mama. "Mizigo yenu yaondoka ama haiondoki?"

"Njia imekatika, mama."

"Basi njooni kwangu. Vyumba viwili vya uani havina mtu. Ya nini kusongamana hapa na wageni waliochoka safari?"

Tukahamia kwake siku chache kabla ya Ramadhani, iliyoandama mwaka 1997 ukiishia. Kuna mzee wa kanisa ambaye hakufurahi. Alimwambia baba kwamba mtu aliyewekewa mikono ya utume hafai kwenda kukaa nyumba ya Waislamu, tena mwezi wao wa kufunga. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba Bwana mwenyewe alikula palipomkaribisha. Mimi leo naongeza: mzee yule alikuwa na vyumba vya kupangisha, na hakutukaribisha.

Baba hakufunga, ila mchana hakuonekana akitafuna kitu. Jioni wanaume walitandika mikeka barazani, kila nyumba ikatoa sinia, naye akaitwa akae nao. Adhana ya magharibi ikisikika, tende kwanza, halafu uji wenye pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Kabla ya kula yeye aliinamisha kichwa kidogo akaomba kimoyomoyo, wenzake wakimngoja. Wengi mtaani walijua mmisionari ni Mzungu, kwa hiyo walimwuliza maswali ya kweli: nani atakulipa, wakimbizi wale wanasema lugha gani, utarudi lini. La kurudi hakuwa na jibu lake.

Lakini usiku ndio nilioupata mimi. Chumba chetu kilipakana na jiko. Bibi aliamka kupasha daku, na mama, ambaye tangu zamani alikuwa na desturi ya kuomba kabla ya mapambazuko, alimkuta huko. Usiku mmoja nilikuwa macho nikawasikia. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Mimi sikuitwa, mama. Niliambiwa twende." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote, si kwa baba wala kwa wanawake wa kanisani.

Bibi hakumtuliza. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Kisha akauliza, "Na mwenyewe wataka kwenda?"

Mama alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani ameondoka. "Nikiwafikiria wale waliovuka ziwa na watoto mgongoni," akasema, "nataka. Lakini sijui nitawafanyia nini. Mchungaji atahubiri. Mimi nitafanya nini?"

"Wajua kushona," bibi akasema, na akamwita mwanawe aje kula daku.

Asubuhi mama alifungua kanga zile tatu. Kichwa cha cherehani kikarudi juu ya miguu yake, ukumbini kwa bibi, kwa ruhusa ya binti aliyekuwa mwenye meza sasa. Mkanda ulikuwa umelegea, akaukata kidogo akauunga upya. Ilikuwa wakati ambao kila nyumba inataka nguo mpya za Idi, na habari zikaenea kwamba mke wa mchungaji anashona. Magauni ya wasichana yenye marinda, kanzu ndogo za wavulana, mashati. Sisi tulitumwa kununua vifungo na kupeleka nguo zilizokwisha. Alishona hata nyumba ilipolala, kwa taa ya chemli umeme ukikatika, na binti wa bibi akiketi kando yake akijifunza kukata. Ni mara ya kwanza kumwona mama akijiandaa na safari, kwa maana yote ya awali yalikuwa kufungasha.

Asubuhi ya Idi tulikaa kibarazani tukawatazama watoto wa mtaa wakitoka kuswali. Mama aliwatambua mmoja mmoja kwa mishono.

Njia ilipofunguka, hela alizozipata hazikuingia kwenye nauli, ingawa ilikuwa imepungua na baba aliziulizia. Alizimaliza madukani kwa nyuzi za rangi zote, sindano, mikasi, futi za kupimia na jora la kitambaa cha khaki. Bibi alitufuata stendi kabla ya jua kuchomoza, akasimama kati ya wazee wa kanisa, wao wakaomba sala yao na yeye akainua mikono akatuombea dua yake. Yule mzee wa vyumba vya kupangisha alikuwepo pia, akasema amina mara mbili.

Nyarugusu mama hakungoja seremala. Alikifunga kichwa cha cherehani juu ya kreti tupu, na gurudumu la mkono akalipata Kasulu mjini. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanawake kutoka Fizi na Uvira. Walishona sare za watoto wao kwa khaki ile, na mmoja wao, aliyefika kambini bila hata sufuria, baadaye alikuwa na cherehani yake mwenyewe na wanafunzi wake.