Nilivyokabiliana na upepo wa ukumbini kwenye michezo ya kanda

Kwa mchezaji wa badminton aliyezoea mashindano ya klabu, ugeni mkubwa wa michezo ya kanda ni ukumbi. Wapinzani utawazoea. Klabuni tunacheza kwenye jengo dogo, milango imefungwa, hewa imetulia. Kule unaingizwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, dari iko mbali, na viyoyozi vinawashwa kwa ajili ya watazamaji. Kinyoya chenyewe, kile tunachokipiga badala ya mpira, kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, kwa hiyo hata pumzi ya kiyoyozi inakisogeza.

Muda wa kuzoea uwanja kabla ya mashindano ulikuwa mfupi, na wengi waliutumia kucheza pointi. Mimi niliutumia kupima hewa, jambo ambalo kocha hakulifurahia. Kipimo ni kile cha kwenye sheria: unasimama kwenye mstari wa nyuma, unapiga kinyoya kutoka chini kwa nguvu zote, na kilicho sahihi kinaangukia sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Nilipopiga kutoka upande wa jukwaa kuu, vinyoya vilipita mstari. Nilipohamia upande wa pili, vinyoya vilevile vilikufa mapema. Upepo ulikuwa unatoka jukwaani.

Sasa hesabu. Anayeshinda kura ya kabla ya mchezo huchagua kati ya sevisi, yaani kuanzisha, na upande. Wengi ninaowajua huchagua sevisi, na sijui kwa nini, maana siku hizi kila pointi inahesabiwa hata kama hukuanzisha wewe. Mimi nilichagua upande, tena ule mgumu, wenye upepo mgongoni. Sababu ni seti ya tatu: pande hubadilishwa kila seti, kwa hiyo ya tatu unaianza pale ulipoanzia ya kwanza, kisha mnabadilishana tena mmoja anapofikisha pointi 11. Ukianza upande mgumu, pointi za mwisho kabisa, zile za kutetemesha mkono, unazichezea upande wa upepo usoni, ambako unaweza kuinua kinyoya kwa nguvu bila hofu ya kutoka nje. Smashi, lile pigo kali la kushuka, hapo inapungua kasi kidogo, lakini mimi si mtu wa smashi.

Kwenye upepo mgongoni sikuinua kabisa, ila nikibanwa. Nilidondosha karibu na wavu, nikasukuma vinyoya bapa, vya kupita juu kidogo tu ya wavu, na nilipolazimika kupeleka nyuma nililenga hatua nzima kabla ya mstari. Seti ya kwanza niliipoteza, kama nilivyotarajia. Ya pili niliichukua kirahisi. Ya tatu tulibadilishana upande nikiwa nyuma 8–11, na kuanzia hapo mpinzani alianza kutoa vinyoya nje, nyuma ya mstari wangu. Nikashinda 21–18.

Mapumziko ya sekunde 60 kwenye pointi ya 11 na ya sekunde 120 kati ya seti sikuyatumia kuzungumzia mbinu. Nilimuuliza kocha jambo moja: vinyoya bado vinasukumwa upande uleule? Ukumbi ukijaa watu, viyoyozi huongezwa nguvu, na hewa ya asubuhi si hewa ya jioni. Raundi iliyofuata nilikutana na mchezaji aliyeijua hesabu hii kuliko mimi. Alishinda kura, akachagua upande ambao mimi ningeuchagua, akanitoa kwa seti mbili.

Kwenye mchezo wa wawili tulipangiwa uwanja wa pembeni, jirani na mlango unaofunguliwa kila dakika. Huko upepo ulikata kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo kuchagua upande hakukutupa faida yoyote. Mwenzangu akapendekeza tulenge katikati, baina ya wapinzani wawili, na mistari ya pembeni tuiachie smashi zake peke yake. Tulifika robo fainali tukicheza hivyo.