Bristol hadi Midford kwa gurudumu moja

Kuna mzee wa Kisomali hupenda kuketi nje ya duka moja la chai hapa Easton, Bristol. Aliishi Mombasa miaka kadhaa kabla ya kuja Uingereza, na Kiswahili hakijamtoka. Jumamosi ile aliniona nikikokota baiskeli yangu kuelekea njia ya Bath, akaiangalia juu hadi chini.

"Mwanangu, hilo gurudumu la pili umemuuzia nani?"

"Limebaki Tanga, mzee."

Akacheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilikuwa nimesema nusu ya ukweli. Nimekulia Tanga, mji ambao baiskeli ni kama viatu, na mjomba wangu ni fundi baiskeli. Utoto wangu niliumalizia chini ya mwembe wake, nikishika spana na kutumwa vocha.

Sasa niieleze hiyo niliyokuwa nikiikokota. Ina gurudumu moja la inchi 36, sentimita 91 na ushee, yaani linanifika karibu na kiuno. Juu yake kuna foku, kiti na breki, basi. Haina mnyororo wala friwili. Krenki, ile mikono ya pedeli, zimeshikana moja kwa moja na habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo miguu ikizunguka mara moja na gurudumu huzunguka mara moja, na hapo umekula mita 2.87 za barabara. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unakwenda kama kilomita 15 kwa saa. Kupumzika huku ikijiendea hakuna. Ukilegeza miguu, gurudumu linaikumbusha kazi.

Waendeshaji wengi huiita Coker mpaka leo, kwa sababu kampuni ya Coker ya Chattanooga, Marekani, inayojulikana kwa matairi ya magari ya kale, ndiyo iliyoingiza sokoni ya ukubwa huu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo, aliyetaka kwenda mbali alihangaika na vigurudumu vidogo. Mwaka 2008 huko Nova Scotia, Kanada, timu za watu watatu watatu zilishindana kupokezana umbali wa kilomita 800. Na hapa jirani, Somerset, kijana Ed Pratt aliondoka nyumbani mwaka 2015 juu ya inchi 36 na mizigo yake, akarudi 2018 akiwa ameizunguka dunia. Yeye ndiye aliyeniponza.

Zipo habu za Schlumpf, za Uswisi, zenye gia ndani yake: unagonga kitufe kwa kisigino, gurudumu linazunguka mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa miguu. Niliangalia bei yake, nikafunga ukurasa. Nikanunua habu ya kawaida, rimu tupu na spoku 36, ndefu kuliko za Phoenix yoyote niliyowahi kuishika. Nikampigia mjomba.

Kusuka rimu ni kama kusuka nywele. Ukikosea mstari wa kwanza, kichwa kizima kinakwenda upande. Kwa Jumapili tatu mjomba alikaa kwenye video, simu imeegemezwa kwenye kopo la grisi, akiniongoza: spoku ipishane na wenzake mara tatu, ya mwisho ipite chini. Akaniambia na jambo moja ambalo nililiitikia bila kulisikia: "Ukimaliza kukaza, zibane mbili mbili kwa mikono, kama unakamua nguo. Zitoe usongo."

Njia ya Bristol hadi Bath ni kilomita 21, reli ya zamani iliyong'olewa. Watu wa kujitolea waliitengeneza kipande kwa kipande kati ya mwaka 1979 na 1986. Kwa gurudumu moja hakuna pazuri zaidi, maana treni hazipendi milima. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa chombo hiki ni kinyume, kushuka ni kujiachia tu. Ngoma ni kupanda. Unashika kiti mbele, unaweka mguu mmoja kwenye pedeli ya nyuma, unajirusha na kuomba gurudumu lianze kubiringika kabla hujadondoka upande wa pili. Siku hiyo nilifaulu mara ya nne, mbele ya mama mwenye kigari cha mtoto aliyesimama kwa adabu kunisubiri.

Ukishakaa juu, utamu. Gurudumu zito likishashika mwendo halitaki kuyumba, na kichwa chako kiko juu ya vichaka, unaona bustani za nyuma za watu, kamba za nguo, mbwa waliolala. Wapita njia hawakosi la kusema. Nimehesabu: kati ya kumi, saba watakuuliza gurudumu la pili liko wapi. Mzee wa Easton angalau alitaka kujua na mnunuzi.

Kwenye handaki la Staple Hill, karibu nusu kilomita ya matofali na ubaridi, nikasikia: ting! Kisha ting, ting! Sauti ikagonga ukuta na kurudi. Nikaruka chini nikijua spoku zinakatika. Nikapapasa moja moja kwa tochi ya simu: zote 36 zipo. Hapo ndipo maneno ya mjomba yaliponifikia, na wiki mbili zilikuwa zimepita. Unapokaza nati, spoku nayo hujisokota kidogo. Inabaki na usongo wake kimya kimya hadi siku utakapoikalia. Uzito ukipita juu yake inajifungua, na rimu iliyokuwa imenyooka inaanza kucheza.

Nikaikokota hadi mwanga, nikapanda, nikaenda taratibu mpaka Bitton, stesheni ya kale ambayo bado ina treni za mvuke za kutembeza wageni. Nikaigeuza baiskeli kiti chini, nikafunga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye foku, ncha yake ikikaribia rimu, nikaanza kusaka palipogusa. Huku nakaza robo, kule nalegeza robo. Kisha nikazikamua mbili mbili, kiganja kikauma. Watoto waliokuja kutazama treni wakanigeukia mimi. Treni ikapiga honi, hakuna aliyeijali.

Bath niliipita haraka, na najua wapo watakaonilaumu. Ni mji mzuri wa mawe ya rangi ya asali, lakini una watalii wengi na taa nyingi za barabarani, na kila taa nyekundu maana yake ni kushuka na kupanda upya.

Nilichokifuata kilikuwa kusini mwa mji: reli nyingine iliyofungwa 1966, ikafunguliwa kwa miguu na baiskeli 2013. Unaupanda mlima mpole ambao mapaja yangu hayakuuona mpole, unapita handaki la Devonshire, kisha unaingia Combe Down. Mita 1,672. Taa zipo, ila hafifu. Sikujua ni kiasi gani macho ndiyo hunishikilia juu ya gurudumu moja mpaka ukuta ulipokuwa wa aina moja pande zote na mbele kukawa na nukta tu. Nikaanza kuyumba. Nikaacha kuitazama nukta, nikasikiliza. Katikati kuna muziki wa nyuzi unaotoka ukutani, nikaupita; chini yake tairi ilikuwa ikivuma sauti moja, haina ting wala nini. Njia huteremka kidogo kidogo, kwa hiyo nilishika breki nusu huku miguu ikizuia.

Nikatokea juu ya daraja la Tucking Mill, jua machoni, miti pande zote. Midford nikashuka, miguu ikitetemeka, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Izungushe."

Nikaigeuza, nikazungusha gurudumu mbele ya simu.

"Kushoto bado inacheza," akasema.

"Mjomba, umeionaje kwenye kioo kidogo hivyo?"

"Siioni. Naisikia."

Kamba ya plastiki nilikuwa nimeisahau kwenye foku. Che, kimya, che, kimya, kila mzunguko. Nikatoa spana.