Jumuiya ya kuzikana katika maghorofa ya Leipzig

Majirani zetu wengi hapa Grünau hawajaliacha kanisa, kwa kuwa hawakuwahi kuwa ndani yake. Jambo hili si rahisi kulielewa kwa mtu aliyekulia Tukuyu, Tanzania, kama mimi, ambako hata asiyesali humfahamu mchungaji wa mtaa wake na huhudhuria ubatizo wa watoto wa ndugu zake. Huku unaweza kukutana na mtu wa miaka hamsini, msomi na mwenye moyo mwema, ambaye hajawahi kuingia kanisani isipokuwa kusikiliza muziki wa mtunzi Bach, na ambaye baba yake pia hakuwahi kuingia. Hana kinyongo na imani, wala hana jeraha linalohitaji kuponywa kabla hajasikiliza. Hana tu mahali pa kuiweka imani katika maisha yake, na anaishi bila kuhisi kwamba amepungukiwa.

Grünau ni mtaa wa maghorofa ya zege upande wa magharibi wa jiji. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kuujenga mwaka 1976, na katika kilele chake ulikuwa na wakazi zaidi ya 80,000. Baada ya nchi kuungana wengi walihama, majengo kadhaa yakabomolewa, na idadi ikashuka hadi karibu nusu. Mwaka 1950 zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi katika upande huu wa Ujerumani walikuwa washiriki wa makanisa. Kuanzia katikati ya muongo huo dola iliweka sherehe yake yenyewe ya vijana wa miaka 14, Jugendweihe, ili ishike nafasi ya kipaimara, na mzazi aliyemzuia mwanawe asishiriki alijua kwamba anahatarisha nafasi ya kijana huyo ya kufika chuo kikuu. Mwaka 1968 kanisa la Chuo Kikuu cha Leipzig, lililokuwa limenusurika mabomu ya vita, lililipuliwa kwa baruti kwa uamuzi wa watawala. Hivyo vizazi vitatu vimelelewa bila sala ya chakula, na hakuna mkutano wa injili wa wiki moja unaoweza kurudisha kilichong'olewa kwa subira ya namna hiyo.

Mara nyingi wageni wetu kutoka nyumbani hunikumbusha habari za Kanisa la Mtakatifu Nikolai, hapa hapa mjini, ambako sala za amani za kila Jumatatu zilianza mwaka 1982 zikiwa na watu wachache, na ambako tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana kuipinga serikali ile ya Ujerumani Mashariki bila risasi kufyatuliwa. Wananiuliza kwa nini watu wale hawakubaki kanisani. Nimewauliza wazee wa hapa, na wanazungumza juu ya wachungaji wa siku zile kwa heshima kubwa, wakisema kwamba kanisa ndilo lililokuwa paa pekee ambalo mtu angeweza kusema chini yake. Mvua ilipokatika walirudi makwao. Sioni sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa kanisa liliwafungulia milango wakati wa hatari bila kuwadai chochote, na naamini lilifanya vyema kutodai.

Kikundi chetu kilianzishwa na mume na mke Wajerumani, yeye fundi umeme na mkewe mwalimu wa chekechea, waliohama kutoka mtaa mzuri zaidi wa jiji wakapanga humu kwa hiari. Baadaye tukajiunga wengine, wakiwamo muuguzi kutoka Eritrea na wanafunzi wawili watatu. Hatuna jengo, ila chumba cha kupanga. Alhamisi jioni tunakula pamoja chakula cha kawaida cha Kijerumani, mkate na jibini, nyanya na matango ya siki, na zamu yangu ikifika ninapika wali na maharage. Tukimaliza kula tunawasha mshumaa, tunasoma neno la siku, tunanyamaza kidogo, tunaomba. Anayetaka kuondoka kabla ya hapo anaondoka, na hakuna anayemtazama vibaya. Jumamosi tunakaa uani tukitengeneza baiskeli za yeyote anayeleta, bila malipo, na huko ndiko tulikofahamiana na watu wengi kuliko mahali pengine popote.

Namna hii ya kupanda kanisa si uvumbuzi wetu. Kanisa la Anglikana nchini Uingereza lilitoa ripoti mwaka 2004 iliyokiri kwamba parokia ya kijiografia peke yake haitoshi tena kuwafikia watu, na tangu hapo jumuiya ndogo za aina hii zimechipuka katika miji mingi ya Ulaya: nyingine katika migahawa, nyingine katika viwanja vya michezo, nyingi sebuleni kwa watu. Lakini mimi nikitaka kuelewa tunachofanya hutazama karibu zaidi, mashariki ya jimbo hili hili la Saxony, kwenye mji mdogo wa Herrnhut.

Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi katika ardhi ya bwana mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na tarehe 17 Juni seremala Christian David akakata mti wa kwanza wa kujengea nyumba. Nyumbani tunafundishwa yaliyofuata: ule ushirika mtakatifu wa tarehe 13 Agosti 1727 pale Berthelsdorf, wamisionari wa kwanza waliotumwa visiwa vya Karibi mwaka 1732, na hatimaye wale waliofika Rungwe mwaka 1891, ambako bibi yangu alikuja kubatizwa. Leo Wamoravian, yaani waumini wa kanisa lililotokana na wakimbizi wale, ni wengi Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kinachonigusa mimi ni ile miaka mitano ya mwanzo ambayo watu huipita haraka. Wakimbizi wale waligombana vikali, juu ya mafundisho na juu ya mambo ya kawaida ya kuishi pamoja, hadi tarehe 12 Mei 1727 walipotia sahihi makubaliano ya jinsi ya kukaa kama ndugu katika kijiji kimoja. Makubaliano ya ujirani yalitangulia. Ile Agosti ikafuata, na kutumwa kukafuata baada yake.

Nilipowapeleka wenzangu Herrnhut, tuliketi kwenye mabenchi meupe ya ukumbi wa sala, kisha tukapanda kwenye makaburi, ambako mawe yamelazwa chini yakiwa ya namna moja kwa tajiri na kwa maskini. Fundi umeme alisimama pale muda mrefu. Kijitabu cha buluu cha neno la siku tunachosoma Alhamisi kinatoka huko pia. Kimechapishwa kila mwaka tangu 1731, na mstari wa Agano la Kale wa kila siku bado huchaguliwa kwa kura. Kinasomwa sasa katika lugha zaidi ya 50, na ninapokisoma mezani Grünau najua kwamba asubuhi ile ile mama yangu amesoma mstari huo huo kule Tukuyu.

Msiba ndio uliotuonyesha kama tumekuwa jumuiya au hapana. Mzee mmoja wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akija Jumamosi na kisanduku chake cha kuzibia matairi na kuondoka mapema, alifiwa na mkewe. Hapa, kati ya kifo na kuzikwa kwa majivu, huweza kupita wiki kadhaa, na katika wiki hizo mfiwa hubaki peke yake nyumbani, kwa sababu majirani wanaona kwamba heshima ni kutomsumbua. Watu wengi wa mashariki hawaiti mchungaji. Humlipa msemaji wa mazishi, ambaye huandika maisha ya marehemu na kuyasoma kwa dakika kadhaa. Mzee alifanya hivyo, nasi hatukumshauri vingine.

Siku ya tatu, muuguzi wetu, fundi umeme na mimi tulipanda kwake na sufuria ya supu. Alifungua mlango akasimama ukumbini, akauliza tunahitaji nini. Nikamwambia, "Tumekuja kukaa nawe, mzee." Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama anayesubiri sehemu ya pili ya maneno, na ilipokosekana akavuta viti. Dirishani palikuwa na miwani ya marehemu juu ya gazeti la mafumbo, fumbo moja likiwa halijamalizwa. Tulikaa. Muuguzi akapasha supu. Baada ya muda mrefu mzee akaleta picha ya mkewe akiwa msichana, amesimama kando ya mashine katika kiwanda cha kusokota pamba cha Plagwitz, kiwanda ambacho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilimiliki mashamba ya pamba katika nchi yetu wenyewe, wakati wa utawala wa Wajerumani. Nilimweleza hayo. Hakuwa akiyafahamu, wala mkewe hakuwahi kuyafahamu, na tulizungumza juu ya pamba, na juu ya mikono iliyoichuma na mikono iliyoisokota, hadi usiku ukaingia.

Tulirudi kwa zamu kila jioni hadi siku ya mazishi na baada yake. Kwetu hili ni jambo la kawaida kabisa, hakuna anayelifundisha. Ukisikia kilio unatoka, unaketi, unachangia, unalala kwenye mkeka. Wenzangu Wajerumani walikuwa na wasiwasi mwanzoni kwamba tunamwingilia, na wasiwasi wao ulikuwa wa haki, ndiyo maana kila jioni tuliuliza kama turudi kesho. Kila jioni alisema turudi. Siku moja, bila kuulizwa, alisema, "Someni na hapa lile neno lenu la Alhamisi." Tulisoma. Hakusema amina, akashukuru.

Mpaka leo anasema haamini. Huja kila Alhamisi na mkate kutoka duka la mwokaji anayemfahamu, na ufunguo wa chumba cha baiskeli anautunza yeye. Naandika hivi kwa uangalifu kwa sababu ndugu zangu wengi walioko Ulaya hupenda kusikia habari inayoishia kwenye maji ya ubatizo, na mimi pia naiombea. Naziheshimu sana ibada za Kiswahili katika miji ya Ujerumani, ambako mtu aliyechoka na wiki nzima ya lugha ngeni hupata kuimba nyimbo za kwao. Hata hivyo naona uchungu tunapokodi ukumbi, tukanunua vipaza sauti, na kuita kazi hiyo kuirudishia Ulaya injili, huku hatumjui hata kwa jina mtu anayeishi mlango wa pili. Kanisa katika mtaa kama huu litaota pale tutakapozoeana na watu hadi tuweze kuzikana nao, nao wakatuzika sisi.

Wiki hii nimejaza taarifa kwa ofisi inayotusaidia kulipa pango la chumba. Wanauliza idadi ya wahudhuriaji wa ibada na idadi ya waliobatizwa, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa fedha hizo zinatokana na kodi ya kanisa, ambayo hapa Saxony ni asilimia 9 ya kodi ya mapato ya kila mshiriki. Nimejaza idadi hizo zilivyo, nikaongeza ukurasa mmoja juu ya baiskeli, meza na ule msiba, ili asomaye aelewe fedha zimefanya nini.

Limebaki suala la usajili. Mwenye nyumba anataka mkataba na chama kilichosajiliwa, na sheria inadai watu wasiopungua saba. Mzee ameuliza kama yeye, asiyebatizwa, anaweza kutia sahihi. Wenzangu wawili wanasita, wakihofia kwamba mpaka kati ya kanisa na majirani utafutika, na hofu yao naipima kwa uzito. Maoni yangu ni kwamba uzee wa kanisa una masharti yake, nayo tuyashike, ila chama hiki kitashika mkataba wa chumba, vifaa vya baiskeli na fedha za kusaidiana wakati wa msiba, na katika mambo hayo matatu hakuna kati yetu aliyekwisha kuwa mwaminifu kumzidi. Nimependekeza jina lake liandikwe, na Alhamisi ijayo tutalijadili naye akiwepo mezani.